Mwaka Tuliolala Kwenye Godauni la Pamba

Tulipomaliza kumzika Minza, wanawake tulirudi kukaa kwenye turubai nyuma ya nyumba yake hapa Bariadi, tukawa tunachambua mchele bila maneno mengi, na binti yake Nkwimba akaja akakaa karibu yangu, akaegemeza kichwa begani kwangu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Nkwimba anasoma chuo, mbali, na kazi yake huko ni ya maabara. Nikamuuliza anafanya nini hasa, ili tu asilie, na yeye akaanza kunieleza, ili tu asilie. Anachuma majani, anayachemsha, anayachuja, halafu maji yale anayachanganya na maji mengine yenye madini ya fedha, ile ya kutengenezea pete na hereni. Maji yanageuka yenyewe, kutoka meupe mpaka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na hapo anajua kwamba chembe zimezaliwa. "Zinaonekana?" nikamuuliza. "Hazionekani mamdogo. Ukichukua unywele mmoja ukaupasua, ukapasua tena, ukapasua mpaka uchoke, bado hujafika." "Sasa wewe unajuaje kama zipo?" Akacheka, machozi bado yapo kwenye kope. "Kwa rangi, na kwa mashine." Akasema wanataka kuzipaka kwenye bandeji, ziue vijidudu vya kwenye vidonda. Kwenye visahani vyao vya kioo zinaua vizuri. Kwa panya wanaendelea kuangalia. Kwa binadamu, bado sana. Kisha akanyanyua kichwa, akaniangalia. "Mama aliniambia mguu wake uliponea maabara, na wewe ulikuwepo. Walimpa dawa gani?" Nikachota mchele mwingine, nikaendelea kuchambua. Presha ndiyo iliyomchukua Minza. Mguu ule ulimbeba mpaka mwisho, kisimani, shambani, sokoni, na mimi niliyeuona ukipona kwa macho yangu sikuwa na jibu la kumpa mtoto wake.

Ulikuwa mwaka ambao pamba ilianza kununuliwa na kila mtu. Kabla ya hapo ulikuwa unapeleka pamba chama cha msingi, unapanga foleni, unapimiwa, unaondoka. Mwaka ule wakaja watu na malori yao, huyu ana mizani yake, yule ana mizani yake, wanaita wakulima barabarani kama wauza nyanya. Redioni walikuwa wanasema soko huria, soko huria, na wazee wakawa wanaulizana huria maana yake nini, mpaka mmoja akasema maana yake kila mtu na lake. Hospitalini nako tukaambiwa tuchangie, na maduka ya dawa yakaota kando ya barabara, yamepakwa rangi ya kijani. Chama cha msingi kikalala. Godauni lake likabaki tupu, mizani kubwa ikining'inia mlangoni bila cha kupima, na harufu ya mbegu za pamba ikabaki humo ndani kama harufu ya mtu aliyehama. Hilo ndilo godauni ambalo watafiti walilikodi, na mimi na Minza tukalala humo karibu mwaka mzima.

Tulikuwa wagonjwa wa vidonda. Vidonda vya miguu, vile visivyopona, ambavyo mtu anaoga navyo, anaolewa navyo, anazeeka navyo. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikaenda kupika kwa mama mmoja mwenye kilabu cha pombe, na sufuria la uji wa moto likanimwagikia kwenye kifundo cha mguu. Kilikuwa kidonda kidogo tu, lakini kibishi. Cha Minza kilikuwa kitu kingine. Alichomwa na mwiba wakati anaokota kuni, hivyo tu, mwiba, na jeraha likakua mpaka likachukua sehemu kubwa ya ugoko. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia kwamba kama hakitageuka kabla ya mvua kuanza itabidi apelekwe Mwanza, huko watajua la kufanya, na sote tulijua la kufanya ni lipi. Minza alikuwa ameshachumbiwa Bukundi. Shangazi za yule mchumba walikuja kumsalimia pale godauni, wakakaa kwenye mkeka wetu, wakanywa chai yetu, na muda wote walikuwa wanazungumza na mguu wake, uso wake hawakuutazama. Walipoondoka Minza akaniambia, "Limi, wakinikata, wale hawarudi." Nikamwambia watarudi. Nilikuwa msichana wa kuahidi ahidi tu, naona kila kitu kitakwenda vizuri kwa sababu sikuwa nimeona mengi.

Godauni lilikuwa limegawanywa kwa turubai. Upande mmoja tunalala, wanawake huku, wanaume kule, na upande wa pili ndiyo maabara, na mimi niliipenda maabara ile jinsi wengine wanavyopenda harusi. Kulikuwa na meza ndefu, friji la mafuta ya taa, darubini ya kuangalia vijidudu, na visahani vya kioo vyenye kitu kama uji ulioganda, ambamo Daktari wa utafiti alikuwa anaotesha vijidudu alivyovitoa kwenye vidonda vyetu. Daktari Mushi alikuwa kijana bado, mrefu, mwoga wa kuonekana kijana, anavaa tai kwenye jua la Bariadi. Adui yake mkubwa ilikuwa ni pamba. Kenchi zote za paa zilikuwa zimejaa manyoya ya pamba ya miaka na miaka, na upepo ukivuma yanadondoka taratibu kama yana hiari, yanatua moja kwa moja kwenye visahani vyake. "Jamani, pamba!" utamsikia anapiga kelele nyuma ya turubai. "Nimepanda vijidudu, nimevuna ukungu!" Na Mzee Ndaki, mfugaji wa kutoka Bukundi ambaye alikanyagwa na fahali wake mwenyewe, anamjibu kutoka kitandani, "Daktari, shukuru. Sisi tunapanda pamba tunavuna madeni."

Siku ya kwanza Daktari alitukusanya, akatueleza. Alikuwa na vikopo vidogo vya plastiki mezani, vyote sawa, vimeandikwa namba tu. Akasema wanachunguza majani ya kichaka fulani kinachoota kwenye mawe kule Mkula, ambayo watu wa huko wanapaka kwenye vidonda tangu zamani. Wameyakausha, wameyasaga, wamekamua kinachotakiwa, wamekitia kwenye mafuta ya mgando. "Nusu yenu mtapata mafuta yenye dawa," akasema, "na nusu mtapata mafuta matupu. Rangi moja, harufu moja. Baada ya miezi tutalinganisha." Mayu Kwandu wa Ipililo, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, mtu mzima mwenye kidonda kilichomzeesha kuliko miaka yake, akauliza kwa heshima, "Baba, nani atapata yenye dawa?" "Hata mimi sijui, mayu." "Hujui?" "Sitakiwi kujua. Nikijua, macho yangu yatapendelea." Mzee Ndaki akapiga paja. "Kumbe! Daktari hajui anachompa mgonjwa. Basi na mimi ni daktari tangu nizaliwe!" Watu wakacheka, Daktari naye akacheka kwa kujilazimisha, na mambo yakaishia hapo, kila mtu akakubali, maana pale tulikuwa tunaoshwa vidonda kila asubuhi na tunakula kila siku. Lakini niliona Mayu Kwandu hakucheka. Alikuwa anavitazama vikopo vile jinsi mtu anavyotazama watoto wa kambo wanavyogawiwa chakula.

Haya ya vikopo nimeshamwambia Nkwimba, na yeye akasema ndivyo inavyofanyika mamdogo, ndiyo njia ya haki, bila hivyo huwezi kujua dawa imefanya kazi au mtu amepona tu. Na mimi namwelewa. Hata wakati ule nilimwelewa Daktari, nafikiri, kwa sababu nilikuwa namsaidia. Kwa vile kidonda changu kilikuwa kidogo na nilikuwa natembea vizuri, alinipa kazi ya kushika nailoni. Alikuwa na karatasi za nailoni zinazoonyesha, anaweka moja juu ya kidonda, mimi nashika pembe, yeye anachora ukingo wake kwa makapeni. Kisha anazibandika dirishani zikauke, jina hakuna, namba tu, na jua likipita pale, sakafu yote inajaa michoro. Ilikuwa kama ramani za maziwa. Minza alijua ziwa lake ni lipi. Kila baada ya kupimwa alikuwa anachechemea mpaka dirishani, analinganisha jipya na la zamani, anarudi kitandani. Siku moja nilinunua mnadani koti jeupe la mitumba, nikalivaa nije kushika nailoni nalo, najiona nimeshakuwa mtu wa maabara, na Daktari akalitazama kifuani penye picha ya mkate iliyodariziwa, akacheka mpaka akakaa. "Limi, hili ni koti la mwoka mikate!" Sikulivua. Nilimwambia hata mkate ni sayansi, na yeye akasema kweli, hamira ni kijidudu.

Tatizo lilianzia kwenye chakula. Mradi ulikuwa umetununulia sahani, kila mtu sahani yake na kijiko chake, imeandikwa namba ileile ya kikopo chake, kwa ajili ya usafi. Tulizitumia siku chache. Mchana mmoja Mayu Kwandu akapika yeye mwenyewe, kwenye chungu chake kikubwa cha udongo alichokuja nacho kutoka Ipililo, mlenda na dagaa wa Lamadi, akasonga ugali wa mtama, akaumimina wote kwenye sinia moja. Akasema yeye tangu aolewe hajawahi kuona watu wanalala chini ya bati moja halafu kila mmoja anageukia ukuta na sahani yake kama mbwa. Tukanawa, tukakaa. Wanaume sinia lao, wanawake letu. Asubuhi ikawa hivyo hivyo, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, kwenye ungo mmoja, chai, mtu anamsogezea mwenzake kipande laini. Salamu zikabadilika. Mwanzoni tulikuwa tunaulizana kidonda kinaendeleaje. Sasa asubuhi unasikia "Mwangaluka mayu," "Mwangaluka ng'wanone, ginehe hapo kaya?" yaani umeamkaje mama, umeamkaje mwanangu, nyumbani hapo hali ikoje, na hapo kaya ni palepale godauni. Daktari alipita akatuona, akasema ni vizuri, wagonjwa wenye furaha wanapona. Hakujua kwamba sahani zilipowekwa kabatini, na namba nazo ziliwekwa kabatini.

Kwa sababu kwetu, na hapa nasema kwetu kwa maana ya kila kijiji ninachokijua toka Bukundi mpaka ziwani, dawa haiingii kwenye kaya ikamjua mtu mmoja. Mtoto akiumwa, dawa inachemshwa, wote mnaonja. Aliye mzima anaonja, mgeni aliyekuja kusalimia anaonja. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine anayekula naye sinia moja, umetibu nusu ya ugonjwa, na nusu iliyobaki inarudi usiku kumtafuta mwenzake. Sikufundishwa hili na mtu. Nililijua jinsi ninavyojua kwamba nikipita mbele ya mkwe nainama.

Sasa kidonda changu kikaanza kupona. Ziwa langu dirishani likawa dimbwi, dimbwi likawa kama tone. Na cha Mzee Ndaki nacho kikakauka kingo, akaanza kuimba nyimbo za ng'ombe asubuhi. Cha Minza hakikusogea, kilikuwa kinatanuka kwa upande wa chini, na harufu ikaongezeka mpaka akaanza kuondoka kwenye sinia kabla ya kushiba, anasema ameshiba. Nikaanza kuona aibu ya kupona. Nilikuwa nafunga bandeji kubwa kuliko kidonda, ili asione. Minza aliona. Aliniambia, "Limi, usinifichie uzima wako, utaharibika." Mayu Kwandu alikuwa anachambua choroko karibu yetu, akasikia. Akasimamisha mikono. Akauliza, hakumwuliza mtu yeyote hasa, "Sisi ni watu gani hapa? Tunakula pamoja, halafu tunamwacha mtoto anaoza katikati yetu, kwa sababu ya vikopo?"

Kesho yake mchana Daktari alikuwa amekwenda Maswa kuchukua vioo. Nilitoka kisimani na ndoo kichwani, nikakuta watu wote wamekaa duara jikoni, nyuma ya godauni, hata wale wasioweza kukaa vizuri wamebebwa. Chungu cha Mayu Kwandu kipo kwenye moto mdogo. Vikopo vya mwezi mzima vilikuwa vimeletwa juzi yake, na kila mtu alikuwa anakuja na chake, anakifungua, anakikung'uta ndani ya chungu, anasema jina lake na jina la baba yake. Hakuna aliyejificha. Mayu Kwandu anakoroga. "Na chako, Limi," akaniambia, "chako ndicho kinachong'ara." Nikatua ndoo. Nilijua Daktari alisema nusu na nusu. Nilijua pia Minza amekaa pale mguu ameunyoosha, anatazama mafuta yanavyoyeyuka, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu shangazi za Bukundi waje. Nikaleta kikopo changu. Mzee Ndaki akasema, "Yenye dawa yayaonjeshe yasiyo na dawa, basi, wote wawe na dawa kidogo. Daktari atafurahi, tumempunguzia kazi ya kutokujua." Yakapoa, yakaganda, tukagawana upya kwenye vikopo vilevile, vifuniko vyenye namba vikarudi mahali pake, na yaliyobaki yakakaa chunguni. Kisha tukala. Sijawahi kula choroko tamu kama zile.

Hatukumficha. Tulisubiri siku ya kupimwa kwa hamu, kama watoto waliofagia uwanja bila kutumwa. Mzee Ndaki ndiye aliyesema. "Daktari, tumekusaidia. Mafuta yote tumeyachanganya. Sasa hakuna wa kupunjwa." Daktari alikuwa ameshika nailoni. Akauliza, "Mmechanganya vipi?" Mayu Kwandu akamweleza vizuri, hatua kwa hatua, na chungu akamwonyesha. Daktari hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alitembea mpaka mlangoni, akakaa kwenye sahani ya ile mizani ya pamba, ikabembea naye, mshale ukapanda ukasimama, na yeye amekaa hapo anatazama barabara. Minza akanong'ona, "Tumefanya nini?" Nikamwambia sijui. Mayu Kwandu akamfuata Daktari na kikombe cha chai, akasimama mbele yake. "Baba, tumekukosea?" Daktari akapokea chai. "Hapana mayu. Wabeja," akamshukuru. Akainywa yote. Kisha akasema polepole, kama anajisemea, "Sasa sitajua tena." "Hutajua nini baba?" "Nani kaponywa na nini." Mayu Kwandu akafikiri. "Lakini wakipona wote?" Daktari akatikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama ilikuwa ni kukataa au ni kuchoka.

Na hapa ndipo mambo yaliponichanganya kabisa, na hayajawahi kunyooka tena kichwani. Vidonda vikaanza kupona. Si vyote, na si kwa pamoja, lakini dirishani maziwa yakaanza kukauka. Cha Minza kikageuka. Kwanza harufu ikaondoka. Halafu kingo zikawa na wekundu safi, kama ndani ya mdomo wa mtoto, na nyama ikaanza kutambaa kuelekea katikati. Daktari akawa anapima kila wakati, zaidi ya alivyopangiwa, nami nashika pembe. Alikuwa anazungumza na mimi kwa sababu hakuwa na mwingine. "Inaweza kuwa ni majani, Limi. Inaweza kuwa kikopo chake cha mwanzo kilikuwa kitupu na sasa amepata dawa. Au ni maji ya chumvi tunayomwoshea. Au ni dagaa, analala, anakula vizuri, hajawahi kula hivi. Au mmeyachemsha, na kuchemsha kumefanya kitu. Au ni wakati wake tu." "Au ni kwa sababu tumechanganya," nikasema. Akanitazama. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Hilo siwezi kulipima." Nilifurahi kwa ajili ya Minza mpaka nikaimba, na papo hapo nikawa namhurumia Daktari, na sikujua mtu anatakiwa afanye nini na vitu viwili hivyo kwa wakati mmoja.

Wakubwa wake wakaja na gari jeupe. Walikuwa wastaarabu, walitusalimia, mmoja alijaribu hata "mwadila", salamu ya jioni, ingawa ilikuwa asubuhi. Wakaingia nyuma ya turubai, wakazungumza Kiingereza muda mrefu, na sisi tuliokaa upande wa pili tulishika neno moja tu, data, linarudi rudi, data, data, kama jina la mtu aliyefariki. Walipotoka wakatangaza kwamba mradi umefungwa. Hawakulaumu mtu. Vikopo vikakusanywa, darubini ikaingizwa kwenye sanduku lake, nailoni zikabanduliwa dirishani. Mimi nilikuwa nimesimama na koti langu la mkate, najiambia pengine Daktari atasema huyu msichana aje na sisi, anajua kushika nailoni. Hakusema. Alikuwa na yake.

Likabaki la Minza. Kidonda chake kilikuwa kimefika nusu, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa ziwa. Alimwendea Daktari akichechemea, wakubwa wakiwa wanapanga mizigo. "Daktari, niachie mafuta." Daktari akasema hawezi. "Minza, sijui kuna nini mle ndani sasa. Siwezi kumpa mtu kitu nisichokijua." Minza alikuwa mpole, sikuwahi kumsikia akimjibu mtu mzima, achilia mbali daktari. Siku hiyo alinyanyua uso. "Tangu nimekuja ulikuwa unanipa usichokijua." Hakuna aliyecheka, hata Mzee Ndaki. Daktari alibaki ameinama. Kisha akauliza kwa sauti ya kazini, "Kile chungu ni mali ya mradi?" Mayu Kwandu akajibu haraka, "Ni changu baba, nimetoka nacho Ipililo." "Basi mimi nachukua mali ya mradi tu," akasema, akaenda kufunga friji kwa kamba, ametupa mgongo. Chungu kikabaki jikoni, na mafuta yake ndani.

Mvua ikaja. Minza hakwenda Mwanza. Alihamia kwa dada yake huku mjini, na mimi nilikuwa nakwenda kumwosha mguu kila nikitoka kwenye kazi yangu mpya ya kuuza maandazi, na tulifanya kila tulichoweza. Mahindi yalipokuwa yameanza kutoa mbelewele, mchana mmoja Daktari akaja peke yake, kwa basi, bila tai, bila gari, bila mradi. Alisema amechukua likizo. Alitukuta uani Minza anatwanga, amesimama kwa miguu yote miwili. Daktari akapiga goti pale pale kwenye pumba, akamwomba ruhusa, akaugusa ugoko kwa kidole. Kilikuwa kimefunga. Ngozi mpya, nyembamba, inang'aa. Akainua uso, akauliza, "Ulitumia nini?" Minza akaacha mchi, akaanza kukumbuka kwa uaminifu kabisa. "Mafuta ya chunguni mpaka yalipoisha. Halafu mafuta ya mgando ya dukani, kwa sababu ulisema nusu yetu tulikuwa tunapewa hayo hayo. Maji ya chumvi. Dada alinunua unga wa kopo jekundu kwenye duka la dawa, tukanyunyiza. Kuna mama wa Mkula alituletea majani yenyewe, tukaponda. Na shangazi aliniombea, akanipaka mafuta ya kanisani." "Kwa siku tofauti?" "Siku zingine kwa pamoja." Daktari akafumba macho. "Na ni kipi ulichoona kinasaidia?" Minza akanitazama mimi, kama nitamsaidia kujibu. Akamwambia kwa upole, jinsi unavyomwambia mtoto habari mbaya, "Daktari, mimi nilikuwa nataka mguu."

Nimewapenda wote wawili kwa ajili ya siku hiyo, na sijaweza kuchagua. Minza alikuwa na haki ya kutaka mguu. Daktari naye hakuwa anataka ya kwake. Alitaka mtu mwingine, mahali pengine, mwenye mwiba kwenye ugoko, asihitaji bahati. Nikijaribu kumpa Nkwimba jibu naona nitamwambia na haya yaliyobaki, na yeye atanitazama kwa macho yale ya Daktari, anasubiri kitu kimoja ambacho anaweza kukipeleka mezani kwake, na mimi nitakuwa nimempa chungu cha Mayu Kwandu.

Daktari alikula na sisi, akaaga mapema ili awahi basi. Minza akasema atamsindikiza mpaka barabarani, na mimi nikafuatana nao. Njia ilikuwa nyembamba, katikati ya mahindi, udongo mweusi bado umelowa, na Minza akatangulia, kanga ameikunja kwa sababu ya majani yenye maji ya mvua. Daktari akawa nyuma yake. Alikuwa anautazama ule mguu unavyokanyaga, unanyanyuka, unakanyaga, na kila Minza alipopunguza mwendo ili wawe sambamba, naye anapunguza. Mwishowe Minza akageuka, anacheka. "Daktari, pita mbele bwana. Watu watasema unanifuata." Daktari akasema ndiyo, ndiyo, samahani. Lakini hakupita.